EarthBound: mwongozo wa kuicheza kuanzia mlango wa nyumbani mpaka mwisho

Ukizoea RPG za Kijapani, gemu za hadithi ndefu ambazo mhusika wako anapigana na kupanda levo, unajua mambo yake, ufalme, panga, joka, kijana kapewa unabii na mzee mwenye ndevu. EarthBound haina hayo. Humu wewe ni Ness, mtoto wa mtaani tu, kofia kichwani, begi mgongoni, gongo la besiboli mkononi, na maadui zako ni mbwa koko, kunguru wezi wa biskuti, mahippie, kikombe cha kahawa ya moto, teksi zilizochanganyikiwa na picha za kuchora zilizotoka ukutani. Hela unatoa ATM. Dawa yako ni baga. Kusevu unampigia baba simu. Alafu ndani ya vituko vyote hivyo kuna hadithi moja nzito sana ambayo itakukamata koo ukifika mwisho, na ndio maana nimekaa chini kuandika huu mwongozo, kwa sababu watu wengi wanaiacha masaa mawili ya kwanza wakidhani ni gemu ya watoto au ni ngumu bila sababu, wakati shida ni kwamba wanaicheza kama RPG nyingine, wanakimbia, hawaongei na watu.

Kidogo tu kuhusu ilikotoka. Mwenye gemu ni Shigesato Itoi, Japani alikuwa anajulikana kama mwandishi wa matangazo kabla hajaingia kwenye gemu, na ya kwanza aliitoa 1989 ikiitwa Mother. Hii ni ya pili, Mother 2, ilitoka Japani Agosti 1994 kwenye Super Famicom, yaani Super Nintendo ya Japani, alafu Juni 1995 ikaingia Marekani kwa jina la EarthBound. Katikati ya utengenezaji ilikwama vibaya mpaka akaitwa Satoru Iwata wa HAL Laboratory, huyo huyo aliyekuja kuwa bosi wa Nintendo, akawaambia wakiendelea kurekebisha kilichopo itachukua miaka miwili, wakimruhusu aanze upya ni nusu mwaka. Wakaanza upya. Marekani waliitangaza kwa tangazo linalosema gemu hii inanuka, na vikaratasi vya kukwangua utoke harufu, haikuuza. Ulaya haikufika kabisa mpaka 2013. Leo hii ukicheza Undertale unacheza gemu ya mtu aliyekulia humu, Toby Fox alianzia kwenye kuichezea chezea EarthBound yenyewe.

Haya twende.

Hatua ya kwanza, pata kopi halali. Njia rahisi sasa hivi ni Nintendo Switch, EarthBound ipo kwenye maktaba ya Super Nintendo tangu Februari 2022 na uanachama wa kawaida wa Switch Online unatosha, huhitaji ule wa bei kubwa. Kama una ile Super Nintendo ndogo iliyotoka 2017 imo pia. Kwenye Switch unaweza kusevu popote na kurudisha nyuma sekunde kadhaa, vitumie ukibanwa ila usizoee, kwa sababu gemu hii kufa sio mwisho wa dunia, ntaeleza mbele. Alafu hili la kopi halali nasema kwa maana, waliotengeneza EarthBound waliweka mtego, katriji ikijigundua kuwa ni ya kunakili inajaza maadui kila kona ili uchoke mwenyewe, na ukikomaa mpaka bosi wa mwisho inaganda na kufuta sevu zako zote. Fikiria masaa 30 yamekwenda hivyo.

Hatua ya pili ni majina, na hapa tulia. Utaulizwa rangi ya vidirisha vya maneno, kuna Plain, Mint, Strawberry, Banana na Peanut, chagua unayopenda. Alafu jina la Ness na wenzake watatu, jina la mbwa, chakula unachokipenda na kitu unachokipenda kuliko vyote. Usijaze herufi ovyo ili upite haraka. Chakula utakachoandika ndio mama atakupikia kila ukirudi nyumbani, ukiandika pilau utakula pilau, na kile kitu unachokipenda kinakuwa jina la shambulio lako kubwa kuliko yote, kwahiyo ukiandika kitu cha hovyo utakisoma hicho hicho kwa gemu nzima. Wenzako waite majina ya watu unaowapenda. Na mbele huko katikati ya safari kuna mahali utaulizwa jina lako wewe unayecheza, sio la Ness, wewe. Andika jina lako la kweli. Sisemi zaidi.

Hatua ya tatu, batani. A inafungua menyu ila hiyo ya kuchagua Talk to au Check kila saa inachosha, tumia L, ukibonyeza L mbele ya mtu unaongea nae na mbele ya kitu unakikagua, nusu ya uzito wa gemu unaondoka hapo hapo. X ni ramani, ila ramani lazima uipate kwanza, nenda maktaba ya Onett uombe. Kwenye mapigano kuna Auto Fight, gemu inapigana yenyewe, iwashe kwa maadui wadogo tu, kwa mabosi izime maana inaweza kumaliza PP zako, yaani nguvu za kutumia PSI, uchawi wa humu, bila mpango.

Sasa Onett, mji wa kwanza, na hapa ndipo watu wengi wanapokufa na kuacha.

Unaanza usiku, kimondo kimeanguka kilimani, jirani yako Pokey anakuja kugonga mlango kama anataka kuuvunja kwamba mdogo wake kapotea. Kabla hujatoka pita chumbani kwa dada yako Tracy, kuna boksi la zawadi, fungua chukua gongo kisha ulivae kwenye Equip, kuna watu wanatoka mikono mitupu alafu wanalalamika mbwa wana nguvu. Kilimani utakutana na Buzz Buzz, mdudu mdogo aliyetoka miaka kumi mbele kuja kukuambia kwamba Giygas, adui mkuu wa gemu, ameangamiza kila kitu na ni wavulana watatu na msichana mmoja ndio wanaoweza kumzuia. Kwenye kurudi kuna adui anaitwa Starman Junior, usiogope, Buzz Buzz anakukinga, we piga tu. Baada ya hapo unapewa Sound Stone, jiwe la kurekodi nyimbo nane kutoka sehemu nane, na hiyo ndio kazi yako kwa gemu nzima.

Asubuhi usikimbilie popote. Zunguka karibu na nyumbani upigane na nyoka, mbwa na kunguru mpaka ufike levo 4 au 5, levo 2 unapata Lifeup ya kujitibu na levo 4 Hypnosis ya kulaza adui. Kila ukiumia sana rudi kwa mama, kula, lala, bure. Ukiona mambo yamekaa sawa ndio ushuke mjini ukawatoe Sharks, genge la watoto linalokaa kwenye nyumba ya michezo, bosi wao anaitwa Frank, ukimpiga analeta roboti lake Frankystein Mark II, lenyewe linapiga kwa nguvu ila linapoteza zamu mara nyingi. Nunua baga nne tano kabla, moja inarudisha damu kama 50. Ukimaliza nenda kwa meya atakupa ufunguo wa kibanda kinachoelekea Giant Step, sehemu ya kwanza kati ya zile nane.

Bosi wa pale ni Titanic Ant, siafu mkubwa na wadogo wawili pembeni. Nenda ukiwa levo 8, hiyo levo ndio unapata lile shambulio lako lenye jina ulilochagua. Anza na yeye mwenyewe kabla hajaanza kukunyonya PP, tumia shambulio lako zamu mbili za kwanza, wadogo wamalize na gongo. Ukitoka utarekodi wimbo wa kwanza, alafu polisi watakuita kituoni, ingia umejaa damu kwa sababu utapigana na askari mmoja baada ya mwingine mpaka Captain Strong mwenyewe, hamna kupumzika katikati. Polisi wa Onett sifa yao ni kufunga barabara, ukiwapiga wanakufungulia njia ya Twoson.

Kabla hatujaondoka Onett nieleze jambo ambalo ndilo moyo wa mapigano ya gemu hii, yaani damu inayozunguka. Angalia vizuri kile kiboksi cha HP, yaani damu yako, chini ya skrini, namba zake zinazunguka kama mita ya kilomita kwenye gari. Ukipigwa pigo la 90 na una damu 70, hujafa. Namba zinaanza kushuka moja moja, 69, 68, 67, na mpaka zifike sifuri wewe bado uko hai na bado unaruhusiwa kucheza. Ukiwahi kutumia Lifeup kabla haijafika sifuri namba inageuka inaanza kupanda. Ukiwahi kummaliza adui, pambano linaisha na damu inasimama pale pale ilipofika, hata kama ni 1. Kwahiyo ukiona maandishi yanasema umepata pigo la kuua, mortal damage, usishangae shangae, bonyeza haraka haraka maandishi yapite, ingia PSI, Lifeup, mtu, imekwisha. Mahali pazuri pa kujifunza hili ni bonde la Peaceful Rest Valley baada ya Twoson, kuna miti inaitwa Territorial Oak, ukiiua inalipuka na moto wake unakata damu nyingi sana, mtu asiyejua anaona kaonewa, anayejua anauacha mti wa mwisho ndio ulipuke, anabonyeza haraka, pambano linafungwa akiwa na damu 40 zimebaki na anaendelea na safari. Damu ikiwa nyingi namba zinachukua muda mrefu kushuka, ndio maana mbele huko Ness anaokoka hata kwenye mapigo makubwa ajabu.

Jambo la pili la mapigano, maadui unawaona kwenye ramani kabla, hamna kushtukizwa. Ukimgusa adui kwa nyuma skrini inazunguka kijani na unaanza wewe, akikugusa wewe kwa nyuma inazunguka nyekundu na anaanza yeye. Kwahiyo usikimbie umempa adui mgongo, geuka umkabili. Na ukishakuwa na nguvu kuliko wao wanaanza kukukimbia, ukimkamata mmoja gemu inakuandikia umeshinda bila hata pambano kufunguka, experience, zile pointi za kupanda levo, unapata. Hii ilikuwa 1994! Kuna RPG za leo bado zinakulazimisha kupigana na konokono levo ya kwanza ukiwa levo ya 60.

Sasa simu. Usipuuze simu.

Kumpigia baba ndio kusevu, na yeye ndiye anayeweka benki hela za maadui unaowapiga, hazidondoki mfukoni, lazima uende ATM. Hela ziache huko huko benki, toa za matumizi tu, kwa sababu ukifa unapoteza nusu ya hela ulizonazo mkononi, za benki haziguswi, na experience yako yote inabaki. Yaani kufa kunakugharimu kidogo tu kama umejipanga. Kumpigia mama ni dawa. Ness ni mtoto na mtoto akikaa mbali anakumbuka kwao, gemu haikwambii wazi, utaona tu kwenye mapigano anapoteza zamu, anamuwaza mama, anawaza chakula kile ulichokiandika mwanzo, hakuna dawa ya dukani wala hospitali, piga simu nyumbani ongea na mama, anapona. Sijaona gemu nyingine iliyofikiria ugonjwa wa namna hiyo, na kila ninapoifikia hiyo simu nasoma maneno ya mama yote bila kuruka. Dada yako nae anafanya kazi Escargo Express, kampuni ya kutunza mizigo, ukimpigia wanatuma mtu kuchukua vitu vyako popote ulipo kwa ada ndogo na kukurudishia ukivitaka.

Na utawahitaji, maana begi ni dogo kweli kweli. Kila mtu anabeba vitu 14, na gongo uliloshika, bangili na kofia zinahesabiwa humo humo, na vitu vya hadithi pia. Kwahiyo baiskeli ya Twoson ambayo unapewa bure kwenye duka la baiskeli, panda ufurahi, ila ukishapata mwenzako haipandiki tena, itume kwa Escargo Express. Vikolombwezo vya chakula kama ketchup beba kimoja viwili, ukila baga ukiwa na kinachoendana nayo inatibu zaidi, ila usijaze.

Twoson sasa. Ongea na watu wote wa Burglin Park, utapigana na Everdred anayeruka kutoka kwenye paa, na ndiye atakayekwambia Paula, yule msichana aliyetajwa na Buzz Buzz, katekwa. Kabla ya kumfuata mtafute Apple Kid, kijana mchafu kakaa na panya wake ndani, hakuna anayemwamini, wakati Orange Kid wa jirani kila mtu anamsifu. Mpe Apple Kid chakula na dola 200 zake. Orange Kid achana nae. Apple Kid ndiye atakayekutengenezea kifaa cha kufuta penseli, kwa sababu njia ya bondeni imezibwa na sanamu ya chuma yenye umbo la penseli, ndio, penseli, na bila hicho kifaa hupiti. Kama umekwama Twoson na hujui ufanye nini, asilimia kubwa ni hapa.

Ng'ambo ya bonde kuna Happy Happy Village, kijiji ambacho dhehebu lake limepaka kila kitu rangi ya bluu, nyumba, miti, mpaka ng'ombe. Usiende kwa kiongozi wao Carpainter moja kwa moja, tafuta kwanza kibanda alichofungiwa Paula uongee nae kwenye nondo, anakupa Franklin Badge. Carpainter anapiga kwa radi, ukiwa na hiyo beji radi inamrudia mwenyewe, bila beji anakuua. Paula akitoka anakuwa levo ya kwanza kabisa na damu kiduchu, kwahiyo msimamie, mpe Teddy Bear abebe, mdoli unapokea mapigo kwa niaba yenu, na umpitishe kwa maadui wa hapo jirani mpaka afike levo za kueleweka kabla ya kwenda kwenye pango la Lilliput Steps. Uvumilivu huo unalipa, PSI Freeze yake itakuwa silaha yako kubwa kwa mabosi wote wa katikati ya gemu.

Kurudi Twoson Everdred anakupa dola elfu kumi. Usianze kununua vitu, haziingii hata mfukoni, ni furushi, lipeleke Chaos Theater ukalipe deni la bendi ya Runaway Five. Mizimu imefunga handaki la kwenda Threed na inachokiogopa ni muziki, kwahiyo mnapita ndani ya basi la bendi wakipiga nyimbo. Ukisikia ule wimbo utaelewa kwa nini watu wanazisikiliza nyimbo za Keiichi Suzuki na Hirokazu Tanaka mpaka leo bila hata kucheza gemu.

Threed kumejaa mazombi na utakamatwa, ni hadithi, usipoteze baga kupambana na hilo. Ukiona mwanamke amesimama mbele ya hoteli mfuate. Mkishafungiwa chini ya makaburi Paula anaita kwa mawazo, na mbali huko kwenye baridi ya Winters anaamka Jeff, mwanafunzi wa bweni, na unaanza kucheza kama yeye. Jeff hana PSI hata moja, macho yake mabovu, lakini ni fundi. Vitu vyote vilivyoharibika unavyookota weka kwenye begi lake, na kila mkilala hotelini kuna uwezekano usiku akatengeneza kimoja, bomba bovu la Broken Pipe linakuwa Shield Killer la kuvunja ngao za maadui. Alafu muwekee bottle rocket, zile fataki za chupa, na zikianza kupatikana za Multi Bottle Rocket mbebeshe mbili tatu kwa ajili ya mabosi, roketi moja inakata damu kuliko zamu nzima ya wengine wote. Wengi wanamdharau kwa sababu hana uchawi. Wanakosa.

Hema la sarakasi la Threed lenyewe ni bosi, likianguka kagua pipa la taka lililobaki uchukue asali ya nzi, Jar of Fly Honey, na uitunze kama roho. Zombie Paper, karatasi ya kunasa mazombi, weka kwenye hema la mjini alafu mkalale hoteli. Asubuhi mazombi wote wamenasa sakafuni.

Hapo mbele ndio Saturn Valley na viumbe wake Mr. Saturn, vina pua kubwa, utepe kichwani, sharubu, na maandishi yao yana mwandiko wake kama ya mtoto anayejifunza kuandika. Ongea nao wote, hata mara mbili. Wanakupa siri ya kuingia kiwanda cha Master Belch kilicho nyuma ya maporomoko, sauti inakuuliza neno la siri, na jibu lake ni kusimama bila kugusa batani yoyote dakika tatu kamili. Weka rimoti mezani kabisa. Watu wanabonyeza kidogo tu kwa kukosa subira wanaanza upya. Master Belch ni lundo la matapishi na kumpiga kawaida unajichosha, tumia ile asali ya nzi, ataanza kuila na kusahau kupigana, na nyie mmalizeni. Baada ya hapo ukiwa bondeni kwao utakaribishwa kahawa, kubali, gemu inasimama na kuongea na wewe taratibu kuhusu safari yako mpaka hapo. Usiibonyeze ipite.

Kutoka hapo umeshaijua gemu, naenda kwa kasi kwenye sehemu zinazokwamisha tu. Jangwani kuna mgodi wenye fuko watano chini ya ardhi, kila mmoja anakwambia yeye ni wa tatu kwa nguvu, wote watano lazima wapigwe, na mchimbaji uliyemsaidia anakuja kukupa almasi, hiyo ndio inakwenda kulipa deni jingine la Runaway Five kule Topolla Theater ya Fourside. Ukiwasaidia mara zote mbili na wao watakuja kukuokoa mbele ya roboti moja ambalo usingelimudu. Jangwani humo pia kuna pango la nyani na huko unajifunza Teleport, uwezo wa kuruka mpaka mji uliowahi kufika, inahitaji njia ndefu iliyonyooka kukimbilia, ukigonga ukuta mnabaki weusi na masizi.

Moonside, ule mji wa usiku na taa za rangi, ndiyo na hapana zimegeuka. Ukitaka kukubali chagua No, ukitaka kukataa chagua Yes. Ukilijua hilo dakika 20 umetoka, usipolijua unazunguka mpaka kichwa kiume.

Ukimpata Poo, mwana wa mfalme wa Dalaam, anafanya mtihani wa Mu juu ya nguzo ya jiwe, kaa usisogee. Atakuja mtu kukuita kwamba bwana wako anakuhitaji haraka, usimsikilize. Alafu itakuja roho kuomba ichukue miguu yako, mikono, masikio, macho, kubali yote, skrini ikizimika na sauti ikikatika ni sawa, ndio mtihani wenyewe. Poo vifaa vya kawaida vinampunguza nguvu badala ya kumuongezea, usimnunulie chochote, vyake ni vile vya mfalme unavyovipata njiani, na vyakula vya kawaida havimkai vizuri.

Vikwazo viwili vya mwisho vinavyosumbua. Kambi ya Stonehenge imezibwa na sanamu tena, safari hii umbo la kifutio, na kifaa chake ni kazi ya Apple Kid yule yule uliyempa dola 200. Na kijiji cha Tenda kimejaa watu wenye aibu kiasi kwamba hawaongei na mtu, kitabu cha kuwasaidia kipo maktaba ya Onett, mji wako wa kwanza, teleport ukakichukue. Dungeon Man kule Scaraba, yaani mtu aliyejigeuza mwenyewe kuwa jengo la mapango, mpande mpaka juu usome vibao vyake vyote, na ndani yake ndimo ilimo nyambizi ya kuvukia.

Ukikamilisha nyimbo nane Ness anaingia Magicant, dunia ya ndani ya akili yake. Huko ni peke yako kwahiyo jaza PP na dawa. Bosi ni Ness's Nightmare, na ukimshinda uwezo wa Ness unaruka juu sana, hapo ndipo unapokuwa tayari kweli.

Mwisho wenyewe. Kabla hamjakubali roho zenu ziingizwe kwenye miili ya roboti malizia biashara zote, kwa sababu baada ya hapo hakuna kurudi mjini. Mpambano wa Giygas unaanza na Pokey akiwa ndani ya mashine yake, mpige Pokey, Giygas usimguse maana mapigo yako yanakurudia. Baadae kuna wakati utapiga kila kitu ulichonacho na hakuna kinachofanya kazi, roketi zimeisha, PP zimeisha, muziki umeharibika. Kwenye menyu ya Paula kuna amri ambayo umeiona tangu siku ya kwanza na pengine hujawahi kuitumia, Pray. Chagua hiyo. Alafu tena. Endelea kumwambia asali huku Ness akiwatibu wote na Lifeup, usiache hata ukiona damu inazunguka kwenda sifuri, na wale watu wote uliosimama ukaongea nao tangu Onett, utaona faida yake hapo.

Ikiisha usikimbilie nyumbani. Gemu inakuachia dunia nzima wazi, maadui hakuna, na karibu kila mtu ana maneno mapya ya kukuambia. Mpeleke Paula kwao Twoson, pita kwa Mr. Saturn, pita kwa Apple Kid, pita Threed uone bila mazombi. Mama yuko nyumbani anakusubiri na ukishaongea nae ndio zinaanza picha zote ambazo yule mpiga picha wa kudondoka kutoka angani alikuwa anawapiga njiani, kwahiyo mwache awe wa mwisho.